Miezi Mitatu Nyumbani kwa Zakaria



Juma hili la tatu la Majilio limekaa kati ya Injili mbili. Dominika iliyopita tulimsikia Yohane Mbatizaji akiulizwa swali lile lile na makundi matatu ya watu. Dominika ijayo tutamwona Bikira Maria akipanda milima ya Yuda kwenda kwa Elizabeti. Katika Mwaka C Kanisa limeziweka Injili hizi zifuatane, nami naamini ile ya pili inatusaidia kulijibu swali la ile ya kwanza. Naomba tukae nazo zote mbili, kwa sababu huduma tuliyoizoea mwezi wa Desemba naiona imepungukiwa kitu ambacho Maria alikitoa bila kupima, nacho ni muda.

Tuanzie mto Yordani. Watu waliotoka kwenda kumsikiliza Yohane walichomwa na maneno yake makali, wakamwuliza wafanye nini. Luka anasimulia kwamba kwanza waliuliza makutano, kisha watoza ushuru, mwisho askari. Kila ninapoisoma sehemu hii nashangazwa na yale ambayo Yohane hakuwaambia. Mtu aliyeishi jangwani kwa nzige na asali ya mwitu angeweza kuwaambia waache nyumba zao wamfuate huko. Tena alikuwa mtoto wa kuhani. Angeweza kuwatuma hekaluni na wanyama wa sadaka. Hakufanya hivyo. Mwenye kanzu mbili alimwambia agawane na asiye na kanzu, na mwenye chakula afanye hivyo hivyo. Watoza ushuru aliwaambia wasidai zaidi ya kiwango walichopangiwa. Askari aliwaambia wasimnyang'anye mtu, wasimsingizie mtu, na mshahara wao uwatoshe.

Kila mmoja alirudishwa kwenye kazi yake. Mtoza ushuru alirudi mezani pake, askari akarudi zamuni, na toba yao ikatakiwa ionekane palepale walipokuwa wakiwaumiza watu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopita mbio. Tukitaja huduma, mawazo yanakimbilia mfuko wa mchele, dumu la mafuta, miche ya sabuni na gari la kuvipeleka. Yohane angetuuliza kwanza habari za mizani. Anayenunua viazi au mahindi ya mkulima kwa lumbesa, gunia limejazwa, likashindiliwa, likaongezwa tena juu na kushonewa kamba, kisha akalipa bei ya gunia moja, huyo amechukua zaidi ya kiwango kilichopangwa. Sheria ya vipimo inalikataza jambo hilo, na Yohane alilikataza kabla ya sheria hiyo kuandikwa. Sukari atakayoileta sakristia mkesha wa Noeli haitamrudishia mkulima jasho lake.

Na yuko yule binti tunayemwita dada wa kazi. Ametoka Singida au Iringa akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Anaamka kabla ya wote, analala baada ya wote. Desemba inapofika anaomba mshahara wake aliowekewa na nauli ya kwenda kumwona mama yake, anaambiwa asubiri Januari kwa kuwa wageni wanakuja. Wageni hao wanakuja kusherehekea kuzaliwa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikosa nafasi nyumba ya wageni. Kwa mwajiri wa namna hiyo, huduma ya kwanza ya Majilio ni kumlipa binti anachomdai, chote, na kumwachia Jumapili aende Misa. Kumpa mtu haki yake si sadaka. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimesikia waamini wema, wanaotoa bila kubana mkono kanisani, wakilizungumza kana kwamba ni hisani waliyomfanyia.

Kwa hiyo Yohane ametupa jibu la kwanza: acha kuumiza, na gawana ulicho nacho. Lakini Majilio yanadai zaidi ya hapo, kwa kuwa ni majira ya kumngoja Bwana, na Bwana mwenyewe alieleza jinsi wanaomngoja wanavyotakiwa kukutwa.

Dominika ya kwanza tuliambiwa tukeshe. Wengi wetu tunakuelewa kukesha kama kukodolea macho mbingu, au kuhesabu ishara za mwisho wa dunia, na kila Desemba huwa wapo wanaotuuliza mapadre kama vita vya mahali fulani vilitabiriwa. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 24, baada tu ya kuwaambia wanafunzi wakeshe, Yesu anawasimulia habari za mtumishi aliyewekwa na bwana wake juu ya watu wa nyumbani. Kazi aliyopewa ni moja: awape wenzake chakula kwa wakati wake. Heri yake, anasema Bwana, akikutwa anafanya hivyo. Hakuambiwa apande darini kuangalia njia. Anakesha akiwa jikoni, akijua nani hajala. Mtumishi mwingine anajiambia kwamba bwana anakawia, akaanza kuwapiga watumishi wenzake na kula na walevi. Naomba mtazame mambo hayo yalivyofuatana. Kwanza aliacha kungoja, ndipo akaanza kupiga. Mtu asiyemtazamia Bwana tena humwona mwenzake kuwa mzigo.

Luka naye, katika sura ya 12, anaweka neno ambalo bila Yesu kulisema hakuna mhubiri angethubutu kulibuni. Watumishi wanaongoja wamefunga viuno, taa zinawaka. Bwana wao anarudi usiku kutoka arusini, anabisha, wanafungua. Tungetegemea aketi alishwe. Yeye anajifunga mwenyewe kiuno, anawaketisha watumishi mezani, anapita akiwahudumia. Huyo ndiye tunayemngoja. Anayekuja Noeli anakuja akiwa tayari amejifunga kuhudumu, na jioni ya Alhamisi Kuu ataonekana akiwa na beseni na kitambaa miguuni pa Petro. Tukimngoja kwa mikono mitupu iliyokunjwa, atakuja na sisi hatutamtambua kwa kazi yake.

Sasa twende milimani. Malaika Gabrieli alipomaliza ujumbe wake Nazareti, alimwachia Maria habari moja ya ziada: jamaa yake Elizabeti, aliyeitwa tasa, ana mimba ya mwezi wa sita. Hakumwamuru aende. Maria aliondoka mwenyewe, tena kwa haraka. Mapokeo yanaitaja Ain Karim, karibu na Yerusalemu, kuwa ndiko iliko nyumba ya Zakaria, na kutoka Nazareti ni safari ya zaidi ya kilomita 100, ya mguu au ya punda, mwisho wake ikiwa ni kupanda. Msichana huyu ana mimba changa. Habari yake na Yosefu haijanyooka. Hajui atamweleza nini wala ataaminiwa na nani. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema, ngoja kwanza nimalize yangu, ni yeye. Huwa nakutana na watu wanaoniambia watatumikia watakapomaliza nyumba, watakapowasomesha watoto, watakapostaafu. Nawaelewa. Maisha ni magumu na ada hazingoji. Lakini Maria alikwenda katikati ya shida zake, na shida hizo alikwenda nazo.

Tuingie ndani ya nyumba aliyoifikia. Mwanamke wa umri mkubwa, mimba ya kwanza, miezi sita. Mume mzee, kuhani, ambaye tangu aliporudi kutoka zamu yake hekaluni hawezi kusema. Akitaka jambo anaashiria kwa mikono, na baadaye tunamwona akiomba kibao aandike. Elizabeti alikuwa amejificha miezi mitano. Nyumba ile ilikuwa kimya. Salamu ya Maria mlangoni huenda ndiyo sauti ya kwanza ya furaha iliyosikika humo kwa muda mrefu, na Luka anasema mtoto tumboni aliruka.

Wahubiri wengi tunaishia hapo, kwenye salamu na kwenye utenzi mkuu wa Maria uliofuata. Ni sawa, kwa kuwa ni Neno la kusujudiwa. Ila mstari unaofunga habari hiyo, ambao Kanisa linausoma kila mwaka tarehe 22 Desemba, ni mfupi sana na unapita masikioni: Maria alikaa naye kama miezi mitatu, kisha akarudi kwake. Piga hesabu. Miezi sita na mitatu. Alikaa hadi siku za Elizabeti kujifungua zilipokaribia.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Luka hatuambii Maria alipewa jembe gani, nami sitambunia kazi. Ila mama yeyote wa jumuiya zetu aliyewahi kukaa na mjamzito mwenye umri mkubwa anajua kila siku moja ya hiyo miezi mitatu ilivyokuwa. Maji yanachotwa asubuhi na jioni. Miguu inavimba. Usingizi hauji. Chakula kilichopendwa jana leo kinatapisha. Wageni wanakuja kusikia muujiza, wanapikiwa, wanaondoka, vyombo vinabaki. Siku ya arobaini hakuna tena anayeshangilia muujiza, na kazi ni ile ile. Salamu ya Maria ilimjaza Elizabeti Roho Mtakatifu. Kukaa kwake ndiko kulikoifanya salamu hiyo iwe kweli.

Hicho ndicho ninachokiona kimepungua kwetu. Desemba vituo vya watoto yatima katika miji yetu hupokea wageni hadi watoto wanachoka kuimba. Kundi moja linashuka kwenye basi dogo na fulana zinazofanana, linakabidhi katoni, linapiga picha, linaondoka, na lingine liko getini. Sibezi ukarimu huo. Mchele ule unaliwa, na Mungu anaujua moyo wa kila aliyetoa. Lakini walezi wa vituo hivyo wakizungumza kwa uwazi watakuambia kwamba Februari geti halibishwi. Na jambo la picha naomba tuliache kabisa. Mtoto akishikishwa mfuko wa unga mbele ya kamera amelipishwa unga ule kwa uso wake. Mtu mzima aliyeumwa akakonda, akapigwa picha kitandani na kusambazwa kwenye makundi ya simu, hakuulizwa. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Alikuwa anamlinda anayepewa pia.

Kisha kuna Januari. Tunaijua wote. Ada, sare, kodi ya nyumba, na madeni ya sikukuu yenyewe. Kwa ndugu zetu wa Dodoma, Singida na kwingineko ambako mvua ni za msimu mmoja, Januari na Februari ndiyo miezi ghala inapoonekana sakafu, shamba likiwa kijani na chungu kikiwa kitupu. Mwenye kujua hayo akipanga sadaka yake yote iishe tarehe 25 Desemba, amefuata kalenda yake mwenyewe, maana tumbo la jirani lina kalenda nyingine. Mtumishi yule wa Mathayo alisifiwa kwa kutoa chakula kwa wakati wake.

Kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki, Majilio yana kumbukumbu ambayo ingefaa itajwe kila mwaka. Desemba 1860, siku chache kabla ya Noeli, Padre Armand Fava alishuka Zanzibar na wenzake kutoka kisiwa cha Réunion. Miongoni mwao walikuwemo masista wa Shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mara baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo tarehe 20 Desemba 1848, na tangu mwanzo liliwapokea wanawake waliotoka utumwani wakaishi na kuvaa sawa na dada zao wazungu, jambo ambalo wengi wa wakati ule hawakulielewa. Shirika la namna hiyo likawatuma binti zake kwenye mji uliokuwa na soko kubwa la watumwa kuliko yote katika pwani hii. Walifungua hospitali, shule na karakana za kufundishia ufundi. Waliuguza. Soko lilikuwa likiendelea umbali mfupi kutoka hapo, na lilifungwa mwaka 1873 tu, miaka kama kumi na tatu baada ya wao kufika.

Nawafikiria mara nyingi masista hao. Hawakuwa na uwezo wa kulifunga soko. Waliweza kumwosha mtu vidonda, kumpa uji, na kesho yake kufanya vile vile. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu walichukua utume ule, mwaka 1868 wakavuka hadi Bagamoyo wakaanzisha makazi ya watu waliokombolewa, na makaburini Bagamoyo hadi leo wamelala wamisionari waliokufa wangali vijana kwa homa za pwani. Historia ya utume huo ina makosa yake, na walioandika juu yake wameyaeleza. Watoto waliokombolewa hawakupewa kila mara uhuru wa kuchagua maisha yao. Ila mwanzo wake ulikuwa kitanda cha mgonjwa, wiki ya mwisho ya Majilio, na wauguzi waliokuja kukaa.

Kuhusu mali ya kanisa niseme moja tu. Tarehe 7 Desemba tulimwadhimisha Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano. Baada ya vita vya Adrianopoli mwaka 378, watu wengi walichukuliwa mateka, na Ambrosi alivunja vyombo vitakatifu vya kanisa, akaviyeyusha ili apate fedha ya kuwakomboa. Alilaumiwa sana. Alijitetea kwa maandishi kwamba Kanisa linayo dhahabu ili liitumie kwa wenye shida, na kwamba ni heri kuhifadhi watu kuliko metali. Kamati zetu zinazopanga bajeti ya mapambo ya pango na kukodi vipaza sauti zimkumbuke askofu huyo zinapofika kwenye mstari wa wagonjwa.

Sasa nigeukie jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu. Katika karibu kila jumuiya ndogo ndogo yupo mtu anayeuguza. Mama aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi na binti yake aliyeacha biashara sokoni ili amgeuze kila baada ya saa chache asipate vidonda vya mgongo. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu, anayetoka usiku kwenda kutafuta ng'ombe waliokwisha kuuzwa zamani, na mkewe analala amefunga ufunguo kwenye khanga. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mama yake hajahudhuria Misa pamoja na familia kwa muda mrefu kwa sababu hana wa kumwachia. Jumuiya inawatembelea, inasali rozari, inaacha sukari na kuaga. Mgonjwa tumemwona. Anayemuuguza, je, ni nani aliyemwuliza alilala lini?

Huko ndiko kwa Elizabeti na Zakaria. Wanaouguza hawahitaji mahubiri juu ya huduma; wao ndio wangepaswa kutuhubiria. Wanachohitaji ni mtu atakayesema, leo mchana nipo hapa, wewe nenda kaoge, nenda sokoni, nenda kanisani, au ulale. Kisha arudi juma lijalo, siku ile ile, saa ile ile. Kwa kuja hivyo atajifunza jinsi ya kumwinua mgonjwa bila kumwumiza, dawa ipi inatolewa baada ya chakula, wimbo gani unamtuliza mzee jioni. Mtu wa kuja mara moja hawezi kuyajua hayo, hata awe mwema kiasi gani, na ndiyo sababu mgeni wa Desemba mara nyingi humchosha mwenye nyumba.

Vijana wa VIWAWA wako likizo sasa na nguvu wanazo. Akina mama wa WAWATA wanajua nyumba zote. Akina baba, nawaomba kwa upendo msiliache hili liwe la wanawake. Mwanaume anayejua kumwogesha baba yake mgonjwa anamwondolea mzee huyo aibu ambayo mkwewe hawezi kumwondolea. Makuhani wa hekalu walihudumu kwa zamu, na Zakaria alikuwa wa zamu ya Abia. Nasi tunaweza kupangiana zamu.

Baada ya Misa ya kwanza Dominika ya nne ya Majilio, viongozi wa jumuiya watakuwa na karatasi mlangoni. Hatutaandika vitu. Tutaandika majina na siku, kuanzia juma la Noeli hadi Jumatano ya Majivu, mchana mmoja kwa kila mtu kwa juma. Majina ya familia zinazouguza hayatabandikwa; kila kiongozi atayatunza na kumwelekeza anayejitolea. Asiyeweza kufika kwa sababu ya umri au ugonjwa aandike jina la yule atakayemwombea. Naomba safu za Januari na Februari zijazwe kwanza, ndipo tuje kwenye juma la sikukuu.